Magonjwa nyemelezi: maana yake na kazi ya muuguzi

Magonjwa nyemelezi ni maradhi yanayompata mtu, au kumzidi nguvu, kwa sababu kinga yake ya mwili imeshuka. Vimelea vyake vingi ni vya kawaida. Fangasi wa utando mweupe huishi vinywani mwa watu wazima wenye afya, na bakteria wa kifua kikuu huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kumsumbua mtu. VVU vinapopunguza seli za CD4, yaani chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili, vimelea hao hupata nafasi. CD4 zikiwa chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, ugonjwa umefika mbali hata kama mgonjwa amenenepa na amekuja kliniki kwa miguu yake.

Ndiyo maana kila hudhurio muuguzi wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU, huuliza: unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku? Umepungua uzito? Kwa anayeishi na VVU, kikohozi hakisubiriwi kitimize wiki mbili. Hata cha siku mbili kinatosha kuagiza makohozi yapimwe. Asiye na dalili hata moja huangaliwa kama anafaa kupewa dawa ya kukinga kifua kikuu, kwa mfano isoniazidi miligramu 300 kila siku kwa miezi 6, pamoja na vitamini B6 ya kuzuia ganzi na miguu kuwaka moto.

Kisha kinywa kimulikwe kwa tochi. Utando mweupe unaobanduka ukikwanguliwa na kuacha wekundu ni wa fangasi. Nistatini ya maji, dawa ya kuua fangasi, hutumiwa baada ya kula, mara 4 kwa siku: mgonjwa aisukutue, akae nayo mdomoni, ndipo ameze. Akiigugumia kama sirapu, haipati muda wa kugusa fangasi. Muulize pia kama chakula kinamuuma kikipita kifuani. Kikiuma, yaelekea fangasi wameshuka kwenye umio, na hapo anahitaji flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, ya siku 14 hadi 21.

Maumivu ya kichwa ndiyo yanayodharauliwa sana, na ndiyo ya kuogopwa. Mwenye CD4 chini ya 200 anayeumwa kichwa siku kadhaa asirudishwe nyumbani na panadoli tu. Damu yake ipimwe kriptokokasi, fangasi wanaoweza kushambulia ubongo, na ikiwa chanya, achukuliwe maji ya uti wa mgongo. Akikutwa na homa ya uti wa mgongo ya fangasi hao, ARV husubiri wiki 4 hadi 6 za kutibu fangasi kwanza, kwa sababu kinga inayorudi kwa kasi huzidisha uvimbe kwenye ubongo. Aelezwe sababu hiyo, asije akadhani amenyimwa dawa.

Hata aliyeanza ARV salama huweza kupata homa au kuvimba tezi wiki za mwanzo, kinga inapoamka. Asiache dawa, arudi kliniki mapema. Anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kukinga magonjwa nyemelezi, miligramu 960 kwa siku akitokwa na upele wenye malengelenge, au midomo ikachubuka, aiache na afike hospitali siku hiyo hiyo.