Uchoraji dhahania: subiri hadi lini kabla ya tabaka la pili?

Michoro dhahania ya Gerhard Richter huonekana kana kwamba rangi zilimwagwa zikajipanga zenyewe. Sivyo. Mjerumani huyu alipaka rangi ya mafuta, akaiburuta kwa ubao mrefu wa plastiki ngumu wenye mpini, akaiacha kwa muda, akaongeza nyingine, akaburuta tena. Ile michaniko inayochungulisha rangi za chini, kama kwenye michoro sita ya "Cage" ya mwaka 2006, haitokani na nguvu za mkono tu. Inategemea pia tabaka la chini lilikuwa katika hali gani ubao ulipopita.

Likiwa bichi, rangi mbili huungana. Nyekundu na kijani zikikutana hivyo, unapata tope la kahawia, na kila ukiburuta tena tope linazidi. Likiwa kavu kabisa, rangi mpya hunasa kwenye matuta ukiburuta kwa wepesi, au hujaza mabonde ukikandamiza. Likiwa nusu kavu ndipo linapochanika vizuri. Gusa pembeni kwa kidole: kikinata lakini kikatoka safi, buruta sasa.

Anza na kipande cha mbao cha sentimita 40 kwa 50, si kanvasi, yaani kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye fremu. Kanvasi hubonyea chini ya ubao wa kuburutia, na mbao za fremu iliyo nyuma yake hujichora mbele kama mistari minyoofu ambayo hukuikusudia. Ukilazimika kutumia kanvasi, ingiza kadibodi ngumu kati yake na fremu. Panga rangi kwenye ukingo wa ubao wa kuburutia kwa unene wa kidole, kisha vuta polepole bila kusimama. Ukisimama, alama hubaki. Ubao ukilala, huacha rangi nyingi. Ubao ukisimama wima, huikwangua.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hufyonza oksijeni na kugeuka kuwa utando mgumu, na pigimenti, yaani unga unaoipa rangi yake, huharakisha au huchelewesha kazi hiyo. Amba, rangi ya udongo ya kahawia yenye manganizi, inaweza kushika ndani ya siku moja au mbili. Nyeusi ya mifupa na nyekundu ya kadimiamu zinaweza kupita wiki. Kwa hiyo nyeusi nene chini kabisa ni mtego: tabaka la juu hukauka kwanza, la chini linaendelea kujongea, na nyufa zinatokea baadaye. Matabaka ya chini yawe na mafuta machache, ya juu yawe na mafuta mengi zaidi. Na tabaka likiwa nene mno, ngozi ya juu hujikunja kama uso wa maziwa yaliyopoa.

Akriliki, rangi ya maji inayokauka haraka, haikupi subira hiyo. Jack Whitten, Mmarekani aliyefariki 2018, katika miaka ya 1970 alimwaga akriliki kwenye kanvasi iliyolazwa sakafuni, kisha akavuta juu yake kifaa kipana kama reki kubwa, mara moja tu. Mchoro ulikamilika kwa sekunde chache. Kazi yote ilikuwa katika maandalizi. Kwangu mimi hilo ni gumu kuliko kuburuta mara ishirini, maana halina marekebisho.

Wengi huanza na rangi ya kunyweshwa kwenye kitambaa kisichopakwa praima (rangi ya msingi inayoziba nyuzi), kama alivyofanya mchoraji Mmarekani Helen Frankenthaler mwaka 1952 katika "Mountains and Sea". Uzuri wake haupingiki, ila yeye alitumia rangi ya mafuta iliyozimuliwa, na mafuta yakiingia kwenye nyuzi huacha duara la manjano na hatimaye huozesha kitambaa. Tumia akriliki. Usiizimue kwa maji tu kupita nusu kwa nusu, kwa sababu utando unaweza kudhoofika na rangi ikafutika. Ongeza mediamu ya akriliki, yaani akriliki isiyo na pigimenti. Lowesha kitambaa kwanza ili rangi isambae.

Mchoraji Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa, amekuwa akifunika michoro ya wino kwa akriliki angavu, akaisugua kwa msasa hadi iwe laini, kisha akachora tena juu yake. Hapa kosa la kawaida ni haraka: tabaka angavu likifunikwa kabla maji hayajatoka, hubaki na ukungu mweupe. Subiri siku kadhaa. Usitumie mashine ya msasa kwa kasi, kwani joto hulainisha akriliki ikageuka ulimbo na kuziba msasa. Sugua kwa mkono na maji, kwa msasa namba 220 kisha 400.

Ukirudi kwenye mafuta, kumbuka kwamba mafuta yanaweza kupakwa juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki juu ya mafuta hubanduka. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike pembeni. Hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.