Kampuni ya muziki mtandaoni ikikua, msanii wa Mwanza anapata nini?

Dhana: Kila wimbo ukisikilizwa una bei yake.
Bei hiyo haipo. Spotify hukusanya ada za wanachama na pesa za matangazo, karibu theluthi mbili huenda kwa wenye haki za muziki, kisha hugawanywa kwa uwiano wa usikilizaji. Wimbo wako ukisikilizwa mara zile zile mwezi huu na ujao, malipo yanaweza kutofautiana.

Dhana: Kampuni ikishakuwa kubwa, hata msanii mdogo anapata nafuu.
Hapa ndipo wengi wanaumia. Tangu mwanzoni mwa 2024, wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi na Spotify kwa upande wa rekodi, yaani sauti iliyorekodiwa, si utunzi. Fungu lake linakwenda kwa nyimbo zilizovuka kiwango.

Chukua msanii wa Igoma aliyetoa nyimbo tano kwa mpigo, kila moja ikasikilizwa mara 600. Jumla ni 3,000, malipo ya rekodi ni sifuri. Angeusukuma mmoja tu ukafika 3,000, angelipwa. Kwa maoni yetu sheria hii inamwonea anayeanza, lakini ndiyo iliyopo: toa wimbo mmoja mmoja, na upe kila mmoja muda wa kutangazwa.

Angalia pia mwanzo wa wimbo. Usikilizaji huhesabiwa baada ya sekunde 30. Ala tupu zikichukua sekunde 25, mtu ataruka kabla hujaimba mstari wa pili.

Dhana: Wasikilizaji wa kununua watakuvusha.
Wakigundulika hawahesabiwi, na Spotify humtoza faini msambazaji wako, yaani kampuni inayopeleka nyimbo zako Spotify. Yeye ataihamishia kwako au aushushe wimbo.

Dhana: Kampuni kubwa ina faida nono tangu zamani.
Spotify ilianzishwa Sweden 2006, ikaingia soko la hisa la New York 2018, lakini faida ya mwaka mzima iliiona kwa mara ya kwanza 2024, baada ya kupunguza wafanyakazi na kupandisha ada. Wenye hisa wanataka chao. Spotify pia ina mpango wa wimbo wako kupendekezwa zaidi kwa wasikilizaji, nawe ukatwe 30% ya malipo ya usikilizaji uliotokana na mapendekezo hayo. Piga hesabu kabla ya kukubali.

Dhana: Ukibadilisha msambazaji, hesabu ya usikilizaji inaanza sifuri.
Si lazima. Chukua namba ya ISRC ya kila wimbo, yaani utambulisho wa rekodi wenye jumla ya herufi na tarakimu 12, uiandike vilevile kwa msambazaji mpya, ukitumia faili lile lile la sauti. Subiri wimbo uonekane kutoka kwake ndipo uufute kwa wa zamani.