Panga Nililolileta Mwenyewe

Kosa langu kubwa katika kuwahoji mashahidi lilikuwa la maneno matatu tu: “Alikuwa ameshika panga?” Mama niliyeketi naye barazani hakuwa ametaja panga. Akafikiri kidogo, akasema, “Labda.” Jioni panga lilishafika kisimani, na kesho yake mashahidi wengine wawili walinisimulia mpaka urefu wake.

Hili halihusiani na elimu ya mtu. Mwaka 1974 huko Marekani, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu filamu za ajali za magari. Kitenzi kikali katika swali kilitosha kuwafanya wakadirie mwendo mkubwa zaidi. Wiki moja baadaye wapo waliokumbuka vioo vilivyovunjika, na kwenye filamu havikuwepo.

Siku hizi nafuata njia ya kuhoji mashahidi ya wanasaikolojia Fisher na Geiselman, ya miaka ya 1980. Haitaki umeme wala kinasa sauti. Inataka subira, na hiyo ni adimu kuliko umeme. Naketi na kila mtu peke yake, kabla kijiwe hakijamsimulia. Namwambia: “Mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyekuwepo. Usilolijua, sema hulijui.” Bila hivyo atanijibu kwa heshima tu, maana mgeni mwenye daftari haachwi hivi hivi bila jibu. Kisha namrudisha kwa mawazo pale alipokuwa, namwachia aseme, nanyamaza.

Mzee mmoja hakujua saa. Nikamwuliza alikuwa akifanya nini. “Nimeteka maji ya kutawadha, isha bado haijaadhiniwa.” Nikaandika hivyo hivyo, maneno yake kwanza. Saa zina hatari zake: nimewahi kusoma maelezo yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza, saa mbili usiku ikawa saa nane usiku!

Majaji wa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha, ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, waliligusa jambo hili katika hukumu ya 1998 ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda. Baadhi ya mashahidi walipata shida kutaja tarehe, saa na umbali. Pia walizoea kusimulia ya kusikia pamoja na ya kuona, lakini walipoulizwa waziwazi waliyatenganisha vizuri.

Kwa hiyo nauliza kila jambo, hata nikionekana msumbufu: “Hilo uliliona, au uliambiwa?” Nilimrudia hata yule mama wa barazani. Akaacha kuchambua mchele, akanitazama.

“Panga? Si wewe mwanangu uliyelitaja?”