Kifua kikuu chuoni: maswali ya wanafunzi na majibu yake

Maswali haya ni yale ambayo mwanafunzi wa chuo huwa nayo akianza kukohoa, au akishaambiwa kuwa ana TB. Majibu yameandikwa kwa kumfikiria zaidi mwanafunzi wa Tanzania. Wa Kenya, Uganda na Kongo naye atajikuta humu, kwa sababu nchi zote nne zilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu.

Nakohoa wiki ya tatu sasa. Nitajuaje kama ni TB au ni vumbi tu?

Hutajua kwa kukisia. Kikohozi kikifika wiki mbili, kapime, hata kama unajisikia mzima. Usingoje kukohoa damu. Wengi wenye TB hawafiki huko.

Dalili nyingine ni homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukosa hamu ya kula, maumivu ya kifua na kupungua uzito. Shida ya mwanafunzi ni kwamba kila dalili anayo sababu yake tayari: amekonda kwa kuwa bumu, yaani pesa ya mkopo, limechelewa, amechoka kwa kukesha akisoma, homa ni malaria. Kisha anakwenda duka la dawa kununua antibayotiki. Baadhi ya dawa hizo, siprofloksasini ikiwemo, huweza kuwapunguza nguvu vijidudu vya TB kwa siku chache. Utapata nafuu, utarudi darasani, ugonjwa utaendelea chini kwa chini na kipimo kitachelewa.

Kipimo kinafanywaje?

Kinachotakiwa ni makohozi, si mate, na hapa ndipo wengi hukosea. Sukutua kinywa kwa maji. Simama nje au penye upepo, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Temea ndani ya kikopo ulichopewa na ufunike vizuri. Kohozi zuri ni zito. Ukiona majimaji matupu yenye povu, jaribu tena. La asubuhi, kabla hujala, ndilo bora.

Mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vya kijidudu na humaliza kazi yake kwa chini ya saa mbili, ingawa foleni ya maabara yaweza kukufanya usubiri zaidi. Huonyesha pia kama kijidudu ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Huenda ukapigwa eksirei, na utashauriwa kupima VVU, kwa sababu magonjwa haya mawili huandamana sana na kila moja lina dawa zake.

Kuna kazi ya kujivunia kutoka chuo chetu kimoja. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndicho makao ya mradi wa APOPO, ambako panya buku hufundishwa kunusa TB kwenye makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na zile anazozitilia shaka huthibitishwa maabara. Wapo wagonjwa waliogunduliwa hivyo baada ya hadubini kuwakosa.

Kwetu hakuna mwenye TB. Nimeipata wapi?

TB hairithiwi wala hairogwi. Mtu mwenye TB ya mapafu ambaye hajatibiwa akikohoa, akipiga chafya, akiimba au hata akiongea, vijidudu hubaki hewani, na aliye karibu huvuta. Haipiti kwenye sahani, glasi, kupeana mkono wala choo cha pamoja.

Kinachohitajika ni muda mrefu kwenye hewa iliyofungwa, na hilo hosteli inalo. Chumba cha wanne kina sita kwa sababu ya kubebana, dirisha limefungwa kwa kuogopa mbu au wezi, pazia haliondolewi mchana. Fungueni madirisha. Hewa inayopita hupunguza vijidudu chumbani, na mwanga wa jua huviua.

Lakini usimtafute mchawi chumbani. Inakadiriwa kuwa robo ya watu duniani wanaye kijidudu hiki mwilini, kimelala. Kati yao, asilimia 5 hadi 10 ndio watakaougua katika maisha yao, zaidi wenye VVU, kisukari, lishe duni, au wanaovuta sigara na kunywa pombe sana. Inawezekana ulikivuta shule ya bweni miaka mingi iliyopita. Sindano ya BCG uliyochomwa ulipozaliwa huwakinga watoto dhidi ya TB kali, ila kwa mtu mzima kinga yake ni ndogo.

Kwa nini miezi sita, na wiki ya tatu nimeshapona?

Hujapona, umepata nafuu. Vijidudu vingi hufa mapema, lakini vichache hubaki vimetulia na kuzaliana polepole, na hivyo ndivyo vinavyohitaji muda. Miezi miwili ya kwanza unakunywa dawa nne zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata ni mbili, rifampisini na isoniazidi. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wako, kwa hiyo usigawane na mtu wala kujilinganisha naye. Katika vituo vya serikali dawa hizi ni bure, uwe na bima au usiwe nayo.

Dozi yangu itapita katikati ya mitihani, likizo na fildi. Nifanyeje?

Swali hili lina uzito kuliko yote humu, kwa sababu ni rahisi mwanafunzi kuacha dozi anapohama.

Chukua ratiba ya chuo siku ileile unayoanza dawa. Anayeanza mapema Novemba atamaliza mapema Mei. Katikati kuna Krismasi nyumbani, mitihani ya semesta ya kwanza na likizo fupi. Anayeanza Mei atakutana na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, pengine mkoa ambao hana hata ndugu. Mwonyeshe mhudumu wa kliniki ya TB tarehe hizo mapema. Kwa safari fupi anaweza kukupa dawa za kukutosha. Kwa safari ndefu atakuandikia fomu ya uhamisho uende kituo cha huko. Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma, na kazi yake ni pamoja na kuhakikisha mgonjwa aliyehama hapotei njiani. Beba kadi yako ya matibabu. Ndiyo itakayofanya upokelewe bila kuanza upya.

Chagua msimamizi wa matibabu anayeishi ulipo. Mama yako aliye Bukoba hawezi kukuona ukimeza kidonge Dar es Salaam. Mwenzako wa chumba anaweza. Mkakati wa kudhibiti TB ambao mgonjwa kusimamiwa akimeza dawa ni sehemu yake, na ambao baadaye ulienea duniani, ulijengwa kwa sehemu kubwa hapa Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ukifanya kazi na daktari Karel Styblo. Ni urithi wetu, tuutumie.

Ukisahau asubuhi, meza siku hiyohiyo ukikumbuka. Kama siku imeshapita, usimeze dozi mbili kwa pamoja. Endelea na ya siku na umwambie mhudumu. Wakati wa Ramadhani, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Aliyepata nguvu na kukubaliana na daktari afunge, dawa ni mara moja kwa siku, hivyo zaweza kumezwa usiku.

Mkojo umekuwa mwekundu. Nina hatari?

Hapana. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa rangi ya chungwa au nyekundu. Hatari ni hizi: macho kuwa manjano, kutapika mfululizo, kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Ukiona lolote kati ya hayo, nenda kliniki siku hiyohiyo. Ganzi au miguu kuwaka moto husababishwa na isoniazidi, na vitamini B6 husaidia. Pombe iache kwa miezi yote sita, maana ini lako tayari lina kazi kubwa.

Jambo moja wasichana wengi hawaambiwi: rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, vijiti, na hata P2. Hali hiyo huendelea kwa wiki nne hivi baada ya kumaliza dawa. Kitanzi hakiathiriwi. Tumieni kondomu na uulize kliniki kuhusu njia nyingine. Ni swali la kawaida kabisa, usilionee haya.

Nimwambie mwenzangu wa chumba? Niahirishe mwaka?

Mwambie. Amelala hewa moja na wewe, anastahili kupimwa, na akionekana hana ugonjwa mhudumu anaweza kumshauri tiba kinga, ambayo ipo hata ya kunywa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Kumficha ni kumnyima nafasi hiyo.

Uambukizaji hushuka haraka dawa zikianza. Kwa TB isiyo sugu, wengi huruhusiwa kurudi darasani baada ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo kuahirisha mwaka mzima si lazima kwa kila mtu. Omba barua ya daktari ya siku za kupumzika, na uulize ofisi ya mshauri wa wanafunzi mapema kuhusu majaribio utakayoyakosa. Nelson Mandela aligunduliwa na TB mwaka 1988 akiwa mfungwa na akiendelea kusoma sheria kwa njia ya posta. Alitibiwa, na mwaka 1989 akapata shahada yake.

Na nikikatisha dozi?

Vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na utawaambukiza wengine TB hiyo sugu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa TB sugu Tanzania alipelekwa Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, kwa matibabu yaliyozidi mwaka na nusu, yakiwa na sindano zilizoweza kuharibu masikio. Leo zipo dawa za kumeza za miezi sita, na huduma imesogea mikoani, lakini ufuatiliaji wake ni mkali zaidi na madhara yake ni mazito. Kama umeshaacha, rudi. Huendi kushtakiwa, utapimwa upya na kupangiwa dawa.

Nimemaliza. Nitaumwa tena?

Inawezekana, hasa ukivuta vijidudu vipya. Makohozi hupimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Usiruke hata kimoja. Tunza kadi yako, na kikohozi kikirudi hata baada ya miaka, mwambie daktari tangu mwanzo kuwa uliwahi kutibiwa TB.