Mzee ana presha na kisukari: akae apumzike?

"Babu anaumwa, mwacheni akae." Dhana hii ndiyo inayodhuru zaidi, maana huja kwa sura ya heshima: wajukuu humpokonya ufagio, ndoo, hata kikombe alichotaka kukiosha mwenyewe. Misuli ya mtu mzima isipotumika hupungua haraka, na miguu iliyolegea ndiyo humwangusha usiku akienda chooni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawahusu pia wenye presha na kisukari: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaoharakisha pumzi kidogo, na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Waliofika miaka 65 huongezewa mazoezi ya kusimama imara, angalau siku 3 kwa wiki. Asiyeweza kufikia hapo aanze na anachoweza. Kuinuka kitini mara kadhaa bila kujishikiza ni zoezi zuri la mapaja.

"Chini ya dakika 10 haihesabiki." Mwongozo wa 2010 ulisema hivyo, wa 2020 ukaliondoa sharti hilo. Kwenda dukani na kurudi kunahesabika.

"Nimetembea alfajiri, sasa nakaa hadi magharibi." Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda baada ya kula, na misuli inayofanya kazi huivuta sukari hiyo hata kama insulini, homoni ya mwili inayoshusha sukari, imedhoofika. Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana azunguke ua kidogo kabla ya kurudi mkekani. Anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kisukari, asitembee mwendo mrefu na njaa, maana dawa hizi zinaweza kushusha sukari mno. Awe na pipi mfukoni, na akirudi akague nyayo zake kama zina vidonda.

Magoti je, hayatalika? Kwa goti la uzee, kuimarisha mapaja ni sehemu ya tiba. Goti lililovimba ghafla na kuwa la moto, hilo lipelekwe hospitali.

"Wazee hawahitaji usingizi." Wanahitaji saa 7 hadi 8, ila usingizi wao huwa mwepesi. Kabla ya kuulaumu uzee, tazameni saa ya dawa: kidonge cha presha kinachokojosha, kikimezwa jioni, humwamsha usiku kucha. Muulizeni daktari kama kinaweza kuhamia asubuhi. Mwelezeni pia kuhusu mkoromo mkubwa unaokatika ghafla kisha mzee akashtuka akitafuta pumzi. Nyumbani tunauchekea, kumbe pumzi kukatika usingizini huweza kuifanya presha isishuke licha ya dawa.