Viza haiajiri mtu, shemeji

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha harusi, Tabata, tunamsubiri mweka hazina aje na daftari lake. Mume wa dada yangu mkubwa, mtu mzima wa kuheshimika, ambaye kijana wake ana shahada ya uhandisi na mwaka wa pili huu anaendesha bodaboda ya mkataba, akanigeukia mbele ya kamati nzima: "Huyu ndiye anayewapa wageni viza. Watoto wetu wanakaa vijiweni." Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, maana kwenye kikao cha harusi huna pa kukimbilia.

Lakini hii ni mara ya ngapi mwaka huu, jamani? Msusi ameshaniambia. Mwenye nyumba ameshaniambia. Mchungaji mmoja aliisema madhabahuni, wasimamishe viza zote mpaka vijana wapate kazi, na kanisa zima likaitikia amina. Leo naandika. Nikishaandika, nitakuwa natuma kiungo tu, nanyamaza.

Kwanza, mimi sitoi kitu. Naandaa mafaili ya vibali, kazi niliyoianza kabla hata ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Pili, viza ni ruhusa ya kuvuka mlango. Ya matembezi ni dola 50, ya biashara ni dola 250 kwa siku zisizozidi 90. Haimwajiri mtu. Mgeni anayetaka kuajiriwa anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, halafu kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Vyote viwili vina madaraja, lakini Daraja C la kibali cha kazi silo Daraja C la ukaazi, na nikianza kueleza hilo tutalala hapa.

Sasa piga hesabu ya mwajiri. Kibali cha kazi cha Daraja C dola 1,000, cha ukaazi dola 2,000 na ushee, na hapo umenunua miaka miwili. Bado nyumba, tiketi, bima, ada ya shule ya watoto wake. Mtu aliyelipa pesa hizo hamleti mgeni abebe zege. Kwa hiyo yule unayemwona anapanga mabeseni ya plastiki kwenye stoo Kariakoo hana faili kwangu wala kwa mwenzangu yeyote. Aliingia na viza ya siku chache, akabaki. Ukifunga vibali kesho asubuhi, yeye hatapata habari. Watakaopata habari ni wale waliojisumbua kuomba.

Na kabla hujaniletea ile amri ya Julai 2025: hiyo inahusu biashara. Serikali imetaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, ikiwemo ufundi wa simu, wakala wa fedha, saluni isiyokuwa ya hoteli wala ya watalii, na kununua mazao shambani. Faini haipungui shilingi milioni 10. Mimi kipengele ninachokipenda ni cha Mtanzania anayemsaidia mgeni kukwepa, naye ana faini yake ya milioni 5. Maana leseni nyingi za namna hiyo zina jina la mbongo juu na mgeni ndani, na mbongo analipwa posho ya jina kila mwisho wa mwezi. Majirani zetu Wakenya walikuja juu, wakataja Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika 2010. Tuache hapo. Ugomvi huo una wenyewe.

Ninalotaka tulizungumze polepole ni mrithi.

Sheria inamtaka mwajiri wa mgeni aonyeshe kwamba alitafuta Mtanzania akakosa, na awe na mpango wa urithishaji: Mtanzania fulani, kwa jina, atafundishwa na mgeni huyu mpaka aichukue ile nafasi. Sehemu ya kwanza ni rahisi kuichezea. Nimeshaona tangazo la kazi linalotaka fundi mwenye stashahada, uzoefu wa miaka 12 kwenye mashine ya aina moja tu, na anayesoma na kuandika lugha ya mwenye kiwanda. Kilichobaki ni kutaja saizi ya kiatu. Linatoka gazetini, hakuna anayeomba, kipande cha gazeti kinaingia kwenye faili kama ushahidi. Afisa aliyebobea analinusa tangazo la hivyo kutoka mlangoni. Afisa mpya kwenye kiti hicho analipitisha.

Sehemu ya pili kila mtu anaisifu, wabunge, vyama vya wafanyakazi, hata mimi zamani. Mgeni atafundisha, mwenyeji atarithi, mgeni ataondoka. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekaa akajiuliza mgeni mwenyewe anaionaje. Unamlipa mtu mshahara amfundishe kijana, na siku kijana akijua, mshahara unakwisha. Wewe ungefundisha kwa bidii gani?

Miaka michache iliyopita nilikuwa na faili la kiwanda kimoja cha chupa, Barabara ya Nyerere. Fundi mkuu mgeni, mrithi wake kijana wa chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, mikono yake mizuri sana. Nilikwenda kukusanya saini. Nikakuta mashine imefunguliwa, wanabadilisha kalibu. Fundi akamtuma yule kijana chai. Kijana akanipita mlangoni na flaski, akacheka: "Kila tukifika kwenye vipimo, bosi anasikia kiu." Vipimo vya joto na presha fundi aliviandika kwenye kidaftari cha mfukoni, kwa maandishi ya kwao. Kijana alichofanya ni kuomba zamu ya usiku. Fundi akienda kulala, yeye anapiga picha skrini ya vipimo ya mashine kwa simu, chupa moja moja, mwaka mzima.

Alipoiva, kiwanda cha Mkuranga kikamchukua kwa mshahara mara mbili. Mashine ileile, bila mgeni.

Hapo nchi imepata au imekosa? Imepata! Lakini kwenye faili langu ilibidi niandike, "Mrithi ameacha kazi kwa hiari yake," nikaambatanisha barua yake ya kuacha kazi, na kwa sababu hakuna mrithi, fundi akaongezewa miaka miwili. Yaani mpango ulipofanikiwa kweli ndipo karatasi ikasema umeshindwa. Kama kijana angekuwa mzito asiyejifunza kitu, akabaki pale anabeba flaski, ripoti ingependeza: mrithi yupo, mafunzo yanaendelea. Nimejaribu kulieleza hili kwenye semina mbili. Mara ya kwanza nilishukuriwa kwa mchango mzuri. Mara ya pili ilikuwa saa ya chakula.

Na nisijifanye msafi. Mipango mingi ya urithishaji iliyopita mkononi mwangu imetokana na kielelezo kimoja, nabadilisha jina la kampuni na la cheo. Siku moja faili la kiwanda cha nondo lilirudishwa likiwa na alama nyekundu, kwa sababu mrithi wa msimamizi wa tanuru alikuwa anafundishwa "kupamba keki na kusimamia usafi wa jiko". Nililichukua kutoka faili la hoteli. Afisa akaniuliza, bila kutabasamu, kama tanuru lenyewe ni la mikate. Tangu siku hiyo nasoma kila ukurasa. Lakini kusoma si kwenda kiwandani kuangalia nani anatumwa chai.

Jambo jingine dogo linaloniudhi: kibali kina jina la mwajiri na cheo. Mgeni akigombana na bosi wake hawezi kuvuka barabara akaomba kazi ng'ambo. Kazi ikiisha, uhalali wake wa kuwepo hapa umekwisha pia. Tunaona huko ni kumbana mgeni, na mwenye akili anaona tumempa mwajiri mfanyakazi asiyeweza kuacha kazi. Mtu wa namna hiyo haombi ovataimu, hajiungi na chama, anakubali zamu ya Jumapili. Halafu Mtanzania mwenye cheo kilekile anaambiwa, mbona mwenzako halalamiki? Dada zetu waliofanya kazi za ndani Oman wanaijua kamba hiyo kwa shingo zao. Hapa kwetu tunaiita ulinzi wa ajira.

Shemeji atasema, sawa, lakini wakiondoka wote si nafasi zitabaki? Zitabaki kiasi. Si zote. Marekani waliufuta mpango wa vibarua wa mashambani kutoka Meksiko mwisho wa 1964, karibu watu nusu milioni wa msimu, kwa sababu hiyohiyo, wenyeji wapate kazi na mishahara ipande. Wachumi waliokuja kupekua takwimu, Clemens na wenzake, hawakuuona mshahara uliopanda. Wakulima wa nyanya California walinunua mashine ya kuvuna. Saudi Arabia mwaka 2011 walizipanga kampuni kwa rangi kulingana na asilimia ya wafanyakazi wazawa, zenye wachache zikabanwa, na mtafiti Jennifer Peck akakuta kwamba Wasaudi wapatao 63,000 walipata ajira, na kampuni zipatazo 11,000 zikafungwa. Kwa hiyo si uongo kwamba kubana kunaleta ajira. Kunaleta, na bili inakuja nyuma.

Wanaosema wageni hawawaumizi wenyeji nao wana vitabu vyao. Miami 1980, Wakuba walishuka kwenye boti mpaka nguvu kazi ya mji ikaongezeka kwa asilimia 7, na mchumi David Card akasema mishahara ya wenyeji haikutikisika. Baadaye mchumi mwenzake, George Borjas, akazipekua takwimu zilezile, akasema waliokuwa hawajamaliza sekondari waliumia sana. Mpaka leo wanabishana. Mimi nikiona maprofesa wawili wenye takwimu moja wanagombana, sithubutu kupiga meza kwenye kikao cha harusi. Tena hizo ni nchi ambazo mtu akikosa kazi anahesabika hana kazi. Hapa kwetu akikosa anakodi boda, na kwenye karatasi ameajiriwa.

Kinachonisumbua usiku si hilo, ni kwamba faili zangu zinaweza kuwa halali kabisa na bado zikamzibia mtu njia. Kuna mgeni niliyemwandalia kibali mara tatu kwa nafasi ya mhasibu. Mhasibu! Wahasibu tunao wa kumwaga. Tajiri alikuwa anataka mtu wa nyumbani kwao ashike pesa, basi, na kila karatasi ilisema "mtaalamu wa mifumo ya fedha". Nililipwa. Shemeji angenisema kwa hilo, ningekaa kimya.

Jumapili baada ya kikao nilimtafuta yule kijana wake, kijiweni kwao. Kuna kiwanda kinatafuta mrithi wa msimamizi wa matengenezo, na safari hii nimemwambia mwajiri sitaandika jina ambalo sijaliona na macho. Akapaki boda pembeni, akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza mrithi analipwa ngapi. Nikamtajia. Akapiga hesabu ya siku zake kwenye simu, akatoa ya mwenye boda, akatoa mafuta. Zikakaribiana.

"Mamdogo," akasema, "na huyo fundi atakubali kunifundisha?"

Nilikuwa bado natafuta jibu abiria alipomwita.