Kukwanguliwa ukoga hakulegezi meno

Kaa barazani popote, Malindi au Wete, utaambiwa: "Shoga, usende kukwanguliwa meno, yatalegea." Na aliyekwenda atatoa ushahidi: kabla meno yalikuwa imara, baadaye yakawa na mianya na maji baridi yakamchoma.

Anayoyaeleza ni kweli. Kosa liko kwenye sababu.

Ukoga usiposuguliwa huganda ukawa mgumu kama chokaa, na mswaki hauutoi tena. Vijidudu vinavyokaa humo huufanya ufizi uvimbe na utoke damu; ugonjwa ukiendelea, ufizi huachana na jino na mfupa unaolishika huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu. Jino limeshapoteza msingi, ila ule ukoga mgumu umeyagandanisha meno yakaonekana imara. Ukiondolewa, mianya na ulegevu vilivyokuwa vimefichwa huonekana. Maskini daktari ndiye anayelaumiwa!

Mashine ya siku hizi haikati jino. Ncha yake hutetema kwa kasi kubwa huku ikitoa maji, ukoga ukabanduka. Kabla ya hapo daktari hupima nafasi kati ya ufizi na jino: milimita 1 hadi 3 ni salama, kuanzia 4 ni dalili ya ugonjwa. Pakiwa na kina, hutia ganzi akasafisha mpaka kwenye mzizi.

Ubaridi kuchoma kwa kawaida hupungua baada ya siku kadhaa, pengine wiki chache. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe, kwa hiyo ukiona damu kwenye mswaki, nenda mapema.